Abu Bakr ar-Razi: Tabibu Aliyewalea Matabibu

Mzazi wa Singida ambaye mwanawe anasomea udaktari hujiuliza: nani atamwongoza kijana huyo mbele ya mgonjwa wake wa kwanza? Tumtazame Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi, aliyezaliwa mwaka 251 Hijria (865) mjini Rayy, Uajemi, akaongoza hospitali ya huko na ya Baghdad.

Barazani pake wanafunzi wake waliketi karibu naye, nyuma yao wanafunzi wa hao, kisha wengineo. Mgonjwa alieleza maradhi yake kwanza kwa wale wa nje. Wakishindwa, alipelekwa kwa waliowatangulia. Nao wakishindwa, ndipo ar-Razi aliponena. Hivyo mwanafunzi mpya alijaribu elimu yake, wala mgonjwa hakuachwa mikononi mwa asiyejua.

Maskini aliwatibu kwa huruma. Alifariki mwaka 313 Hijria (925), akiwa amepofuka. Maandishi aliyoyaacha wanafunzi wake waliyakusanya, yakawa kitabu kikubwa, al-Hawi.

Basi tuwausie vijana wetu: asiyejua asione haya kuuliza, na aliyejua amshike mkono anayemfuata.