Francis Aston: Mtoto wa Harborne aliyetegua kitendawili cha neoni

Wasomaji wetu wanaoishi Birmingham wanakijua kitongoji cha Harborne. Huko ndiko alikozaliwa, Septemba mosi 1877, Francis William Aston, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1922.

Alisoma Mason College, chuo kilichogeuka kuwa Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 1900. Kisha akaajiriwa miaka mitatu katika kiwanda cha bia mjini Wolverhampton; sayansi peke yake haikumlisha. Mwaka 1903 alirudi chuoni, akawa anapitisha umeme katika mirija ya kioo yenye gesi kidogo sana. Mwaka 1908 aligundua ukanda mwembamba wa giza karibu kabisa na ncha hasi, ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1910 alihamia Cambridge kumsaidia J.J. Thomson. Ndipo kasheshe ilipoanza. Walipozipima ioni, yaani chembe zenye chaji, zitokazo kwenye neoni, walipata alama mbili: moja ya uzito wa 20, na nyingine hafifu ya 22. Hii ya pili ilitoka wapi? Ndani ya mrija wenye umeme molekuli huvunjika na kuungana ovyo, na ioni ya molekuli huweza kujifanya atomi. Kaboni dioksidi, yenye uzito wa 44, ikipoteza elektroni mbili huangukia palepale kwenye 22. Thomson alifikiria pia kwamba huenda neoni imeungana na haidrojeni.

Aston akaichuja neoni mara nyingi mno kupitia udongo mweupe wa kutengenezea viko. Tofauti ya uzito aliyoipata haikufika hata asilimia moja. Mwaka 1913 aliitangaza nyumbani kwao Birmingham, kwenye mkutano mkuu wa wanasayansi wa Uingereza. Ushahidi ulikuwa mwembamba, na mwaka uliofuata vita vikamvuta kwenye kiwanda cha ndege cha Farnborough.

Mwaka 1919 aliunda spektrografu ya masi, na ubishi ukaisha: neoni ni mchanganyiko wa atomi za 20 na za 22, yaani isotopu. Kati ya isotopu 287 za asili, 212 alizitambua yeye.

Alipopokea Nobel alitahadharisha kuhusu hatari ya nguvu iliyofichika ndani ya atomi. Alifariki Cambridge Novemba 20, 1945, miezi mitatu na ushei baada ya bomu la Hiroshima.