Maisha ya Mwana Kupona binti Mshamu, Mama Aliyemuusia Bintiye kwa Kalamu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: ni nadra mtu wa pwani asiyepata kulisikia jina la Mwana Kupona. Wanaume hulitaja wanapotaka kuwakumbusha wake zao haki ya mume. Lakini ni wachache waulizao mwanamke huyu alikuwa nani, na alikuwa katika hali gani alipoutunga utendi wake. Na asiyeijua khabari ya msemaji huchukua nusu ya maneno yake akaiacha nusu.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, mwanzoni mwa karne ya 19 ya Miladi. Pate ulikuwa mji wa ilimu na tungo, na ndiko alikotoka Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtungaji wa Al-Inkishafi. Tungo za zama zile ziliandikwa kwa khati ya Kiarabu na kunakiliwa kwa mkono, nakala baada ya nakala. Na katika waliozihifadhi, wakazisoma na kuzinakili majumbani, walikuwamo wanawake wa kiungwana wa Pate, Siu na Lamu.

Aliolewa na Bwana Mataka, Shekhe wa Siu. Maisha ya mume huyu yalikuwa vita. Kwa muda wa miaka kama ishirini alishindana na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Na katika miaka ya 1840 jeshi kubwa lilitumwa Siu likarudi limeshindwa. Mume aliye vitani nyumba yake imo mikononi mwa mkewe: malezi, mali na heshima, vyote ni amana kwake.

Mwaka wa 1856 Bwana Mataka akafariki, na mwaka huo huo Sayyid Said naye akafariki. Mwana Kupona akabaki mjane mwenye watoto, naye akashikwa na maradhi yaliyomkaa mwaka mzima. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa na umri wa miaka kama 17, umri wa kuolewa, na baba hayupo wa kumuusia. Hapo ndipo mama alipomwita akae karibu naye, alete wino na karatasi. Ilikuwa mwaka wa 1275 wa Hijra, sawa na 1858. Wasia aliouandika una beti mia na mbili.

Alianza na dini: kushika faradhi na suna. Akafuatisha adabu, ukweli wa ulimi, na kuwapenda watu wema. Kisha akaeleza haki za Mwenyezi Mungu, za Mtume, za baba na mama, na za mume. Juu ya mume alisema mengi, nayo ndiyo yajulikanayo zaidi: kumridhi, kumtumikia, kumpambia nyumba na kujipamba kwa ajili yake, na kutotoka bila ya idhini yake. Lakini alisema pia kwamba mume atunzwe kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Neno hili wanaume hawalitaji sana, kwani mwenye kutunzwa hivyo ni mhitaji, na mwenye kumtunza ndiye mwenye akili ya nyumba. Naye hakuamrisha asilolitenda. Alitoa ushahidi wa ndoa yake mwenyewe, kwamba aliishi na mumewe kwa furaha na mume akafa hali yuko radhi naye.

Baada ya nasaha akaomba dua ndefu, kwa wanawe, kwa ndugu zake, kwa Waislamu wote, na kwa nafsi yake iliyokuwa taabani. Mwisho akawahimiza wanawake wenziwe wausome utendi huu wapate kuifahamu maana yake. Karibu ya mwaka 1860 akafariki. Binti yake aliishi Lamu mpaka akawa mzee sana, akaiona karne ya 20.

Zama za Mwana Kupona zimepita na mengi yamegeuka. Nyumba aliyoisema ilikuwa nyumba ya waungwana wenye watumwa, na alimwonya bintiye asichanganyike nao ila wakati wa kazi. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Na kazi za nyumbani zikamwangukia mke mwenyewe. Ilimu ya mtoto mwanamke nayo ikatoka nyumbani ikaingia skuli. Mwaka 1927 skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Zanzibar, na katika miaka ya 1930 Shekhe Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliwahimiza Waislamu kwa kalamu yake wasiwaache binti zao katika ujinga. Mwaka 1934 utendi ulipigwa chapa Uingereza na Alice Werner na William Hichens, na tangu hapo wasomi wamekhitalifiana: wako wauonao kuwa kitabu cha utiifu tu, na wako waonao ndani yake hekima ya mwanamke ajuaye nguvu zake.

Lakini jambo moja halina khitilafu. Wasia huu uliandikwa na mwanamke, kwa ajili ya mwanamke, ili usomwe na wanawake. Lau baba yake Mwana Kupona angemnyima herufi, leo wanaume wasingekuwa na ubeti wa kuwasomea wake zao. Wala jambo hilo halikuwa geni katika dini. Mtume, rehema na amani zimfikie, alimridhia Bibi Shifaa binti Abdallah kumfundisha Bibi Hafsa kuandika. Na Imamu Shafii, pamoja na ukubwa wa ilimu yake, alikuwa akimzuru Bibi Nafisa huko Misri na kumtaka dua.

Basi mwenye kuutaja utendi huu mbele ya mkewe na autaje mbele ya nafsi yake pia, atazame kama binti yake ana wino na karatasi. Kumtaka mwanamke awe kama Mwana Kupona, na kumzuilia kile kilichomfanya Mwana Kupona, ni kutaka mavuno pasi na kupanda.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana Kupona binti Mshamu, na atujaalie wazazi wenye kuacha wasia mwema. Amin.