Daktari aliyewafunza walimu kunyamaza

Umewahi kukaa darasani kipindi kizima mwalimu akiongea peke yake, nawe kazi yako ni kunakili tu? Basi mfahamu Maria Montessori, Mwitaliano ambaye angemwomba mwalimu huyo asogee kando.

Alizaliwa 1870 na kuhitimu udaktari jijini Roma mwaka 1896, enzi ambapo wanawake madaktari walikuwa wa kuhesabika. Januari 1907 alikabidhiwa watoto wa San Lorenzo, mtaa wa maskini wa jiji hilo. Wazazi walishinda kazini, nao wenye majumba walichoka kuona watoto wakichafua kuta. Mwalimu mwenye cheti hakuwapo, akamchukua binti wa bawabu wa jengo. Kumbe ilikuwa bahati! Binti huyo hakuwa na mazoea ya kuhutubia. Alimwonyesha mtoto kifaa, akamwachia. Watoto walipapasa kwa vidole herufi zilizokatwa kwa msasa, na wengine wa miaka minne au mitano wakaanza kuandika.

Mwaka 1909, mjini Città di Castello, Montessori alianza kuwafunza walimu wenyewe. Hapo sasa ndipo penye kazi. Kujua vifaa si shida. Shida ni kukaa pembeni ukimtazama mtoto akikosea, mkono unakuwasha kumsahihisha, na usimguse. Wewe ungeweza? Mtoto anarudia, anagundua mwenyewe kwamba kipande hakiingii kwenye tundu lake.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe aliwafunza walimu hao kwa mihadhara mirefu, na hakutaka mtu mwingine atoe mafunzo bila idhini yake. Hata mimi hilo sijalielewa.

Mussolini, aliyemuunga mkono awali, aligeuka na shule zake zikafungwa 1934. Mwaka 1939 alienda Madras, India, kutoa mafunzo ya miezi michache tu. Vita vikamnasa huko. Italia ilipoingia vitani, Waingereza walimzuilia mwanawe Mario, wakamwachilia siku mama alipotimiza miaka 70. Montessori aliendelea kufunza huko hadi 1946, na zaidi ya walimu 1,000 walipita mikononi mwake.

Alifariki Mei 6, 1952, Noordwijk, Uholanzi. Humu nchini vipo vyuo vya walimu wa chekechea vyenye jina lake, kwa hivyo huenda aliyekufunza kushika penseli alipitia huko.