Thabit bin Qurra na Nambari 17,296

Ndugu msomaji, shika kalamu na karatasi kwanza. Andika 220. Tafuta nambari zote zinazoigawanya bila ya kubaki kitu, ila yenyewe usiitie: 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Zijumlishe. Umepata 284? Haya, ifanyie 284 vivyo hivyo, utarudi pale pale kwenye 220. Jozi hii Wagiriki wa kale waliijua, lakini njia ya kupata nyingine hawakutuachia.

Njia hiyo aliitoa Thabit bin Qurra. Alikuwa mtu wa Harran, kusini mwa Uturuki ya leo, akivunja pesa sokoni. Muhammad bin Musa, mmoja wa wale ndugu watatu mabingwa wa hisabati wa Baghdad, alikutana naye akitoka safari ya nchi ya Warumi. Akamwona hodari wa lugha, akamchukua. Kisiria, Kigiriki, Kiarabu, zote alizimudu. Huko Baghdad alisahihisha tafsiri ya kitabu cha Euclid, akafasiri Archimedes, na baadaye Khalifa al-Mu'tadid akamweka karibu naye.

Wengi wetu humhesabu kuwa mwanachuoni wa Kiislamu. La, alikuwa Msabii mpaka akafariki mwaka 288 Hijria (901). Aliyesilimu ni mwanawe Sinan, aliyekuwa tabibu. Tusimvishe baba kilemba cha mwana.

Sasa kanuni yake. Anza na 2, uwe ukiizidisha kwa 2: 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Shika mbili zinazofuatana, tuseme 8 na 16. Mara 3 ya 8, toa 1, ni 23. Mara 3 ya 16, toa 1, ni 47. Mara 9 ya 8 kwa 16, toa 1, ni 1,151. Zote tatu zikiwa nambari tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe, zidisha 16 kwa 23 kwa 47: 17,296. Kisha 16 kwa 1,151: 18,416. Hiyo ni jozi, kama 220 na 284. Ukishika 4 na 8 utakwama, maana ya tatu ni 287, nayo ni 7 mara 41. Na si kubahatisha, aliithibitisha.

Al-Farisi aliiandika jozi hiyo ya 17,296 yapata mwaka 1300. Huko Ulaya Fermat aliitoa 1636, na kwa miaka mingi vitabu vikaiita yake!

Hata hivyo kanuni ya Thabit haizinasi zote. Mwaka 1866 kijana wa Kitaliano wa miaka 16, Paganini, alitoa 1,184 na 1,210, jozi ndogo ambayo wakubwa wote hao iliwapita. Karatasi bado unayo; ijaribu.