Henry Ford: Mwasisi wa gari la bei nafuu aliyekataa kubadilika

JINA la Henry Ford aghalabu hutajwa panapozungumziwa ufanisi wa kibiashara. Ni nadra kusimuliwa jinsi gwiji huyo, aliyewatoa jasho watengenezaji wa magari waliomtangulia nchini Marekani, alivyogeuka kuwa mkongwe na kunusurika kuachwa nyuma kabisa.

Ford alizaliwa Julai 30, 1863 katika shamba la wazazi wake karibu na Dearborn, jimbo la Michigan. Ukulima haukumvutia hata chembe. Akiwa na umri wa miaka 16 alihamia mji wa Detroit kujifunza ufundi wa mitambo, na mwaka wa 1891 akaajiriwa na kampuni ya umeme ya Edison mjini humo. Usiku, baada ya kutoka kazini, alijifungia katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba aliyopanga na kuunda injini. Gari lake la kwanza, lililotumia magurudumu mfano wa yale ya baiskeli, lilikamilika mwaka wa 1896.

Kampuni ya kwanza aliyoshiriki kuianzisha mwaka wa 1899 ilivunjwa baada ya muda mfupi. Ya pili, iliyobeba jina lake, aliihama mwaka wa 1902 alipokosana na waliotoa mtaji. Waliosalia waliipa jina jipya, Cadillac. Msomaji alikumbuke jina hilo.

Alipoanzisha Ford Motor Company mnamo Juni 1903, alikuta mlango umefungwa. Kampuni zilizotangulia zilikuwa na chama kilichosimamia hataza ya gari aliyopewa wakili George Selden mwaka wa 1895, na aliyetaka kutengeneza gari la petroli alitakiwa kupata kibali na kulipa ada. Ford alikataa kulipa. Alishtakiwa, akashindwa mwaka wa 1909, akakata rufaa na hatimaye akapata ushindi mwaka wa 1911. Vita hivyo vya mahakamani vilimpa sifa ya mtetezi wa wanyonge, sifa ambayo haikumdhuru kibiashara.

Kufikia hapo tayari alikuwa ameshapata silaha kali kuliko mawakili. Gari la Model T lilitolewa mwaka wa 1908 kwa bei ya takriban dola 850. Lilikuwa jepesi, lenye kuinuka juu ya matope, na mkulima aliweza kulitengeneza mwenyewe kwa vifaa vichache. Mwaka wa 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Ford na wahandisi wake walianza kuyasogeza magari mbele ya wafanyakazi badala ya wafanyakazi kuyazunguka. Muda wa kuunganisha fremu na mitambo yake ulipungua kutoka zaidi ya saa 12 hadi karibu saa moja na nusu.

Kazi hiyo ya kurudiarudia iliwachosha vibarua, nao wakawa wanatoroka kwa wingi. Januari 1914 Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa 8, kiasi ambacho kilikuwa takriban maradufu ya malipo ya awali. Bei ya gari nayo ilizidi kushuka mwaka baada ya mwaka hadi modeli ya bei ya chini kabisa ikauzwa dola 260 mwaka wa 1925. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, karibu nusu ya magari mapya yaliyonunuliwa Marekani yalikuwa yake.

Hata hivyo, dalili za ukaidi zilikuwa zimejitokeza mapema. Inasimuliwa kwamba aliporejea kutoka ziara ya Ulaya mwaka wa 1912, wasaidizi wake walimwonyesha gari walilokuwa wameliboresha. Ford alilizunguka, kisha akaling'oa milango na kulibomoa kwa mikono yake, wote wakimtazama. Kati ya 1914 na 1925, Model T liliuzwa kwa rangi nyeusi pekee.

Mwaka huo huo wa 1912, Cadillac, ambayo sasa ilikuwa mali ya General Motors, ilileta kifaa cha umeme cha kuwasha injini. Aliyewahi kuona injini ya dizeli ya kinu cha kusaga mahindi ikiwashwa kwa hendeli anajua nguvu inayohitajika na jinsi chuma hicho kinavyoweza kumvunja mtu mkono. Wenye Model T waliendelea kuzungusha hendeli hadi mwaka wa 1919 ndipo kifaa hicho kikaanza kupatikana kwa malipo ya ziada.

General Motors, chini ya Alfred Sloan aliyekuwa rais wake kuanzia 1923, haikujaribu kumshinda Ford kwa bei. Ilileta rangi, magari yaliyofunikwa vyema dhidi ya mvua na baridi, na sura mpya mara kwa mara. Tangu 1919 ilikuwa na kampuni ya kuwakopesha wanunuzi. Ford, aliyechukia madeni, alijibu mwaka wa 1923 kwa mpango uliomtaka mteja aweke akiba ya dola 5 kila wiki na kupewa gari baada ya kumaliza kulipa. Si vigumu kukisia wengi walielekea wapi. Isitoshe, kwa bei ya Model T jipya mtu angeweza kupata gari lililotumika, lenye starehe zaidi.

Januari 1926, Ernest Kanzler, shemeji wa mwanawe Edsel, alimwandikia Ford waraka wa heshima akimweleza kwamba wapinzani walikuwa wakimkaribia na gari jipya lilihitajika. Miezi michache baadaye Kanzler alifutwa kazi. Edsel, aliyekuwa rais wa kampuni kwa jina tu, aliunga mkono mabadiliko lakini babake hakumsikiza.

Soko ndilo lililomlazimisha. Mnamo Mei 1927 baba na mwana walitoka kiwandani ndani ya Model T la milioni 15, na utengenezaji ukakomeshwa. Gari la kurithi nafasi yake halikuwa tayari. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi walikaa bila kazi kwa miezi kadhaa huku Chevrolet ikinyakua wateja. Mwaka huo huo Ford aliomba radhi kwa makala za chuki dhidi ya Wayahudi zilizokuwa zimechapishwa na gazeti lake, doa ambalo halijafutika.

Model A lilizinduliwa Desemba 1927 na kupokelewa kwa shangwe, nayo injini ya V8 ya mwaka wa 1932 ilistaajabisha wengi. Lakini uongozi wa soko aliokuwa nao hakuurejesha tena kwa uthabiti. Edsel alifariki mwaka wa 1943 akiwa na umri wa miaka 49, naye mzee akarudi kwenye kiti cha rais, afya na kumbukumbu zikiwa zimedhoofika. Mwaka wa 1945 jamaa zake walimshinikiza akamwachia mjukuu wake, Henry Ford wa Pili.

Alifariki nyumbani kwake Dearborn mnamo Aprili 7, 1947, akiwa na umri wa miaka 83. Usiku huo mto Rouge ulikuwa umefurika na kukata umeme, na nyumba ya fundi huyo wa zamani wa kampuni ya Edison ilimulikwa kwa mishumaa na taa za mafuta.