Enoch Sontonga: Mwalimu wa kwaya aliyetunga wimbo wa taifa, kaburi lake likapotea

Asubuhi shuleni Marangu, baridi ya mlima bado haijaondoka, wanafunzi wanasimama mstarini na kuimba Mungu Ibariki Afrika. Wimbo wanaujua wote. Ila ukiuliza nani aliutunga, hata watu wazima wengi hukaa kimya.

Ni Enoch Mankayi Sontonga, na wala hakuwa mtu wa huku. Alizaliwa Uitenhage, Afrika Kusini, mnamo mwaka 1873. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg.

Hakuwa tajiri wala mtu mkubwa. Alifundisha, akaongoza kwaya, akahubiri kanisani na kupiga picha. Nyimbo alizowatungia wanafunzi wake aliziandika kwenye daftari kwa noti za do-re-mi, zile zile ambazo wanakwaya wengi wa makanisani wanazifahamu hadi leo.

Mwaka 1897 akatunga Nkosi Sikelel' iAfrika kwa Kixhosa, ubeti mmoja na kiitikio. Mwaka 1899 ukaimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, mchungaji mmoja alipokuwa akiwekwa wakfu.

Sontonga hakuishi kuona wimbo wake ukikua. Alifariki 18 Aprili 1905, akiwa na miaka 32 hivi, akaacha mke na mtoto mmoja wa kiume.

Baada ya hapo wimbo ukaenda wenyewe. Mwaka 1912 uliimbwa Bloemfontein kwenye mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje akaurekodi London. Mshairi Samuel Mqhayi naye akauongezea beti saba.

Familia je, ilipata nini? Inasimuliwa kwamba mjane wake, Diana, aliuza haki za wimbo huo kwa peni sita tu, yaani nusu shilingi ya enzi hizo. Alifariki mwaka 1929. Lile daftari nalo likapotea.

Tanganyika ilipopata uhuru 9 Desemba 1961, usiku ambao Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na Mwenge juu ya Kilimanjaro, muziki wa Sontonga ndio uliokuwa wimbo wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili. Zambia nayo ikachukua muziki huo huo mwaka 1964.

Muda wote huo, hakuna aliyejua kaburi lake lilipo. Lilikuja kupatikana katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg. Kumbe watu walikuwa wakitafuta Sontonga, wakati kwenye daftari la makaburi aliandikwa kwa jina la Enoch. Tarehe 24 Septemba 1996, Rais Nelson Mandela akazindua mnara wa kumbukumbu hapo.

Ilipita miaka 91 bila heshima hiyo. Lakini wimbo alioutungia watoto wa shule, watoto wa shule bado wanauimba.