Stanley alipopita Singida: jina lake kubwa na mtu mwenyewe

Msikilizaji, wengi wetu tulikariri shuleni majina ya wapelelezi wa Kizungu waliokuja Afrika Mashariki katika karne ya 19: Burton, Speke, Livingstone, Stanley. Tuliambiwa kwamba Stanley ndiye aliyemkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Tukajibu swali kwenye mtihani, tukapata alama yetu, tukafunga daftari.

Hatukuambiwa kwamba mtu huyo alipita hapa kwetu Singida mwezi Januari 1875, akamzika mwenzake katika ardhi hii, akapigana vita vya siku tatu, kisha akaondoka na kuandika kitabu kilichowapa wazee wetu sifa mbaya duniani. Wala hatukuambiwa kwamba Stanley si jina alilozaliwa nalo.

Leo tunayatazama maisha yake. Hatuna nia ya kumsafisha, wala ya kumzomea. Tunataka kuona jinsi sifa ya mtu inavyotengenezwa, na gharama yake kwa wengine.

Mtoto wa makao ya maskini

Alizaliwa mwezi Januari 1841 katika mji mdogo wa Denbigh, huko Wales, sehemu ya Uingereza. Jina lake lilikuwa John Rowlands. Mama yake, Elizabeth Parry, alikuwa binti ambaye hajaolewa, na katika kitabu cha kanisa mtoto aliandikwa kuwa ni wa nje ya ndoa. Katika jamii ile, neno hilo moja lilitosha kumfuata mtu maisha yake yote.

Mama hakumlea. Alilelewa na babu yake, na babu alipofariki akapelekwa kwa majirani waliolipwa kumtunza. Malipo yalipokoma, mtoto wa miaka 6 alipelekwa kwenye makao ya maskini ya St Asaph. Haya yalikuwa majengo ambamo wasio na ndugu wa kuwasaidia walipewa chakula na malazi, lakini kwa masharti makali na kwa aibu kubwa. Alikaa humo karibu miaka 9.

Katika maandishi yake ya uzeeni anasimulia kwamba siku moja mama yake naye aliletwa mle ndani pamoja na watoto wengine. Mtoto hakumtambua mama, mpaka alipooneshwa. Mama alimtazama bila kumwonesha upendo wowote.

Msikilizaji, tuanzie hapo. Huyu ndiye atakayekuja kuwa mtu mwenye jina kubwa.

Jina la kujipa

Akiwa kijana alipata kazi melini, akavuka bahari hadi New Orleans, Marekani. Huko ndiko alikojiita Stanley. Baadaye alieleza kwamba mfanyabiashara tajiri wa jina hilo alimpenda, akamfanya mwanawe. Watafiti waliofuatilia kumbukumbu za mji huo wanaitilia shaka kubwa hadithi hiyo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, alipigana upande wa kusini, akatekwa katika mapigano ya Shiloh mwaka 1862. Ili atoke kifungoni akajiunga na upande wa kaskazini. Baadaye aliingia katika jeshi la majini, akatoroka. Kisha akawa mwandishi wa habari, na hapo akaigundua kazi aliyoiweza kuliko zote: kusimulia.

Gazeti la New York Herald ndilo lililomtuma kumtafuta Livingstone. Alipomkuta Ujiji mwaka 1871, dunia nzima ilisoma habari zake. Salamu yake maarufu ya siku ile inajulikana hadi leo, lakini kurasa za shajara yake za siku hiyo zilichanwa. Aliyezichana anajulikana kwa Mungu.

Aliporudi London mwaka 1872, wakubwa wengi walimdharau na wengine wakasema barua za Livingstone alizobeba ni za kughushi. Magazeti yakaanza kuandika kwamba si Mmarekani, bali ni mtoto wa Denbigh aliyekulia makao ya maskini. Yeye akakana. Alimkana hata John Rowlands, yaani alijikana mwenyewe.

Januari 1875 katika nchi ya Wanyaturu

Safari ya pili ilianza Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Alikuwa na mamia ya wapagazi na askari, wengi wao watu wa Zanzibar, na Wazungu watatu vijana: ndugu wawili Frank na Edward Pocock, pamoja na Frederick Barker. Magazeti mawili, moja la London na moja la New York, yalilipia gharama.

Walipita Mpwapwa, wakavuka Ugogo, kisha wakageuka kaskazini-magharibi kuingia porini. Njaa ikawashika. Wapagazi walikufa njiani na wengine wakatoroka. Stanley anasimulia kwamba alitoa nguo kwenye sanduku lake la bati, akalijaza maji, akapika uji mwembamba wa shayiri humo ili kila mtu apate angalau kikombe.

Wakiwa katika hali hiyo walifika Suna, katika nchi aliyoiita Urimi, akiwataja watu wake kuwa ni Warimi. Hao ndio Wanyaturu. Aliyasifu maumbile yao, akasema ni watu wazuri wenye miili iliyojengeka, lakini akawalaumu kwa kutovaa nguo.

Edward Pocock aliugua hapo Suna. Walimbeba hadi kijiji alichokiandika kwa jina la Chiwyu, na tarehe 17 Januari 1875 akafariki. Alizikwa usiku chini ya mti. Siku chache baadaye, mmoja wa watu wake, Kaif Halek, aliyebaki nyuma kwa ugonjwa, aliuawa njiani.

Kisha wakafika Vinyata. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, mwanzo ulikuwa wa heri. Mganga wa eneo hilo alileta ng'ombe, akapewa nguo, na ng'ombe alipochinjwa akaomba apewe moyo wake. Kesho yake wenyeji wakaja na silaha, wakisema mtu wa msafara ameiba maziwa. Stanley alilipa nguo. Baadhi ya wenyeji waliridhika, wengine hawakuridhika, na mishale ikaanza kuruka.

Mapigano yalidumu kuanzia tarehe 23 hadi 25 Januari. Stanley alipoteza watu zaidi ya 20. Kikosi chake kimoja kilikaribia kumalizwa chote. Naye akaagiza vijiji vishambuliwe. Watu wake walichoma nyumba, wakarudi na nafaka na ng'ombe. Kabla hakujakucha tarehe 26, msafara uliondoka kuelekea Iramba, na huko Mgongo Tembo ukapokewa kwa amani.

Upande mmoja wa shauri

Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1878 na kiliuzwa sana. Jina la kitabu lenyewe liliita bara letu bara la giza. Humo watu wa Vinyata walionekana kuwa wakali wasio na sababu, na msomaji wa London au New York aliyefunga kitabu hicho aliamini kwamba sasa anawajua.

Lakini hebu tulisikilize shauri hili kama wazee wanavyolisikiliza kwenye baraza. Mlalamikaji ameongea. Mlalamikiwa je? Katika kitabu kizima hakuna Mnyaturu hata mmoja aliyepewa nafasi ya kueleza upande wake.

Sisi tunaoishi hapa tunaujua mwezi Januari. Mvua inanyesha, shamba linahitaji mkono, na ghala la mwaka jana linaelekea kuisha. Katika mwezi huo mamia ya watu wageni wenye njaa na bunduki wanapiga kambi karibu na nyumba yako. Huwajui. Katika miaka ile, misafara yenye bunduki ilihusishwa pia na biashara ya watumwa na pembe. Mtu mmoja anaiba maziwa. Hatusemi kwamba kumwaga damu kulikuwa sawa. Tunasema kwamba neno ukali halitoshi kueleza yaliyotokea pale.

Na hapa ndipo maisha ya Stanley yanapouma. Mtoto aliyechukia kuitwa kwa neno moja kwenye kitabu cha kanisa ndiye aliyewaita watu wa Singida kwa neno moja kwenye kitabu chake.

Shujaa au shetani?

Kwa muda mrefu Ulaya ilimwita shujaa. Baadaye wengi wakamwita katili. Maisha yake yanakataa maneno yote mawili yakisimama peke yake.

Ukatili ulikuwepo. Alichapa viboko, alifunga watu minyororo. Mwezi Agosti 1875, katika kisiwa cha Bumbiire, Ziwa Victoria, alirudi kulipiza kisasi kwa tukio la miezi mitatu iliyopita, akawapiga risasi watu waliokuwa ufukweni, kisha akaandika habari hiyo magazetini kama ushindi. Hata Uingereza kwenyewe wapo waliochukizwa.

Lakini watafiti waliolinganisha shajara zake na vitabu vyake waligundua jambo la ajabu: mara kadhaa idadi ya waliouawa ni kubwa kitabuni kuliko kwenye shajara. Alijitia ukali zaidi ya ule aliokuwa nao, kwa kuwa aliamini wasomaji wanataka mtu mgumu kama chuma. Sifa hiyo aliyoijenga mwenyewe ndiyo iliyokuja kumshtaki.

Huruma nayo ilikuwepo. Mwaka 1871 alipewa mtoto mtumwa huko Tabora, akampa jina la Kalulu, akampeleka Uingereza na kumsomesha. Kalulu alirudi naye safari ya pili, akazama katika mto Kongo mwaka 1877. Frank Pocock naye alizama mwezi Juni mwaka huo huo. Barker alikuwa ameshafariki mapema, kando ya Ziwa Victoria. Msafara ulipofika Boma, karibu na bahari ya Atlantiki, mwezi Agosti 1877, Stanley alikuwa Mzungu pekee aliyebaki hai. Aliwasindikiza wapagazi kwa meli kupitia Afrika Kusini mpaka Zanzibar, akawalipa ujira wao.

Kisha akafanya kazi iliyoleta madhara makubwa kuliko vita vya Vinyata. Kuanzia 1879 alimtumikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji huko Kongo, akijenga vituo na barabara na kukusanya mikataba ya machifu. Watu wa huko walimwita Bula Matari, yaani mvunja mawe. Juu ya msingi huo Leopold alijenga utawala wa mateso wa mpira na pembe. Leopold naye alijitangaza kuwa rafiki wa Waafrika na adui wa utumwa, na Stanley, hodari wa kutengeneza sifa, akaiamini sifa ya mwenzake.

Mwisho wake

Alipewa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1899. Alifariki London tarehe 10 Mei 1904. Alitamani kuzikwa Westminster Abbey kando ya Livingstone, lakini mkuu wa kanisa hilo alikataa. Akazikwa kijijini Pirbright, na kwenye jiwe la kaburi lake limechongwa jina la Bula Matari. John Rowlands hayumo.

Mwaka 2011 sanamu yake ilisimamishwa Denbigh, mji uliowahi kumwandika kwa aibu. Mwaka 2021 wakazi walipigiwa kura ya kuiondoa au kuiacha, na wengi wakachagua ibaki. Mabishano hayajaisha.

Tunachobaki nacho

Msikilizaji, wazee wetu wana methali fupi: usilolijua ni kama usiku wa giza. Stanley aliipita Singida katika giza la namna hiyo, akadhani giza ni la nchi, kumbe lilikuwa la macho yake.

Nasi tuna giza letu. Yupo bibi kijijini anayeitwa mchawi kwa sababu macho yake ni mekundu, na moshi wa kuni wa miaka 50 hautajwi. Yupo kijana anayeitwa mwizi kwa sababu baba yake aliwahi kufungwa. Yupo kiongozi anayesifiwa kwa picha alizopiga akigawa mahindi, na hakuna aliyeuliza mahindi yalitoka wapi. Siku hizi simu moja mkononi inatosha kumpa mtu jina ambalo halitafutika, na wanaolisambaza hawajawahi kukaa naye hata kwa kikombe cha chai.

Kabla hujalipokea jina hilo na kulipeleka mbele, uliza maswali matatu ambayo wasomaji wa Stanley hawakuyauliza. Nani anasimulia? Anapata nini kwa kusimulia hivyo? Na yule anayesimuliwa, ameulizwa?

Huko Vinyata hakuna aliyeulizwa. Kwa jirani yako bado hujachelewa.